Sura ya Kumi na Moja: Chumba cha Mzazi

Hodi ya polisi haina ya pili. Inspekta Winfrida Gwimo aliisema moja tu, na kabla haijajibiwa mguu wake ulikuwa umeshavuka kizingiti cha nyumba ya Injinia Ashraf, hapo Kasingirima. Nyuma yake alikuja Koplo Meshack na hati ya upekuzi, kisha mwenyekiti wa mtaa aliyeitwa kuwa shahidi, na sura yake ilionyesha wazi kwamba angependa kuwa popote isipokuwa pale. Wa mwisho alikuwa Alphonce, mtaalamu wa mionzi aliyetoka Arusha. Alishika masanduku mawili. La vipimo lilikuwa jepesi, la madini ya risasi, la kuzuia mionzi, lilikuwa zito kiasi cha kumfanya atembee upandeupande.

Mama mtu mzima alitokea uani akijifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa Bi Asia, mama yake Ashraf.

"Shikamoo, Bi Asia."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, ila semeni polepole. Tuna mzazi ndani."

"Hatutakaa sana," alisema Winfrida, akijua ni uongo.

Alikuwa anatafuta chuma. Miezi miwili iliyopita mlinzi mmoja wa kambi ya ujenzi wa barabara aliuza kwa magendo mashine ya kupimia udongo ulioshindiliwa, akidhani anauza betri. Sanduku lake la njano lilipatikana limebomolewa kwa Jumanne, muuza vyuma chakavu wa Mwanga. Kilichokosekana ni ufito wake, chuma kisichoshika kutu, urefu wa mkono na unene wa kidole gumba, na kwenye ncha yake punje ya seziamu, madini yanayotoa mionzi iitwayo gama. Punje hiyo haina harufu wala joto, haiwaki gizani, na inaua taratibu kama deni la riba. Jumanne alipobanwa aliapa kwamba alishauza ule ufito, ila hakumbuki kwa nani. "Nauza vyuma kutwa, afande. Nimkumbuke nani?"

Kisha Meshack akamwonyesha bosi wake video mbili kwenye simu. Injinia Ashraf wa Ujiji, amevaa koti jeupe, anautangazia ulimwengu kwamba amegundua nguvu ya jua ndani ya maji ya Ziwa Tanganyika, na katika ya pili ushahidi wake ni gama. Winfrida alizitazama mara mbili. Katika mji ulioibiwa gama, mtu mmoja anajisifu kuwa na gama. Hapo huhitaji kupiga ramli.

"Karibuni, karibuni!" Ashraf alitokea sebuleni, mwembamba, mchangamfu, koti lile lile jeupe mwilini. Hakuna chuo kilichowahi kumpa uinjinia. Mtaa ndio uliompa, kwa kutengeneza redio na taa za wavuvi, naye hakuwa mtu wa kukataa zawadi. "Wenye mitumbwi ya dagaa wa Mwamgongo wanafika asubuhi hii kuiona mashine. Wakiridhika tunaanza kuwasha taa zao zote kwa maji matupu. Si vibaya serikali ikiona kwanza."

"Serikali imekuja kuona," alisema Winfrida, akamkabidhi hati.

Mashine ilisimama sebuleni, imegusana na ukuta wa ndani. Lilikuwa pipa la bati lenye miguu minne, juu yake mtungi wa kioo, waya zikiingia na kutoka kama matumbo ya mbuzi wa Idi. Kando yake, juu ya kimeza, palikuwa na kisanduku cha kupimia mionzi, cha ukubwa wa simu, kikilia: kri, kri, kri-kri, kri.

"Eleza," alisema Winfrida. "Kwa Kiswahili cha nyumbani."

"Maji yana hidrojeni, na ndani yake mna hidrojeni nzito kidogo. Napitisha umeme, hidrojeni inaingia kwenye waya wa paladi, madini ya thamani, inabanana humo mpaka viini vya atomi zake vinaungana. Vikiungana vinatoa joto. Ndiyo kazi inayofanywa na jua, afande, ila jua linataka tanuri. Mimi nafanya kwenye ubaridi."

"Paladi umeipata wapi?"

"Kwenye ekzozi za magari mabovu. Kwa Jumanne, pale Mwanga."

Meshack na Winfrida walitazamana. Jina hilo limekuja lenyewe bila kuitwa, na mpelelezi yeyote angelipokea kwa mikono miwili.

Alphonce aliinama, akaushika mtungi, akautazama mvuke. "Joto si ushahidi, ndugu yangu. Hata birika la umeme linatoa joto, na hili lako naona ni birika lililovalishwa suti. Viini vikiungana kweli lazima mionzi itoke. Walioanza kudai jambo hili duniani waliulizwa swali hilo hilo: gama iko wapi? Na kwa joto hili unalojivunia, kama lingekuwa la muungano, tusingesimama hapa tukibishana. Ungekuwa umeshakufa, na waliokuzika wangekuwa wagonjwa."

"Lakini gama ipo!" Ashraf alikinyanyua kile kisanduku juu kama mtoto aliyefaulu mtihani. "Sikilizeni wenyewe."

"Nasikia. Sasa tumuulize jina lake."

Alphonce alitoa kipimo chake mwenyewe, kizito, chenye kioo. Akakitegesha mbele ya mashine, akasubiri. Mstari ulianza kupanda kwenye kioo, ukatengeneza kichuguu kimoja kilichochongoka.

"Kila chanzo cha gama kina namba yake," alimwambia Winfrida bila kugeuka, "kama unavyomjua jirani kwa kikohozi kabla hujamwona. Muungano wa hidrojeni nzito ungekohoa kwa mamilioni. Huyu anakohoa kwa elfu mia sita sitini na mbili."

"Ndiye nani?"

"Seziamu. Yule tunayemtafuta."

Ashraf alicheka, lakini kicheko kilichelewa. "Kipimo chako hakijazoea sayansi mpya."

"Zima mashine," alisema Winfrida.

"Afande, ikizimwa ghafla..."

"Zima."

Alizima. Mvuke ulilegea, mtungi ukatulia. Kile kisanduku kikaendelea kulia vile vile, kri, kri-kri, kri, bila haya.

"Kwetu Kalinzi," alisema Winfrida, "ukiondoa kuni, maharage yanaacha kuchemka. Meshack, fungua pipa."

Alikuwa na hakika. Alikwisha kumwona Ashraf kizimbani na koti lake jeupe, tapeli aliyenunua ufito kwa Jumanne na kuuficha ndani ya pipa ili apate sauti ya kuwauzia wavuvi. Meshack alifungua parafujo, akatoa mtungi, akachomoa waya, akainamisha pipa. Yalimwagika maji na chumvi, na nyuma yake ukafuata mkaa wa betri. Alphonce alipitisha kipimo ndani ya pipa tupu, akatikisa kichwa. Hamkuwa na kitu.

Ashraf alikunja mikono kifuani. "Mmeridhika? Au mnataka kunipasua na tumbo?"

Winfrida alimkazia macho. Alikuwa anamtazama mtu, si pipa. Miaka kumi na sita ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba mwizi huogopa pale palipo na kitu. Pipa lilipofunguliwa, Ashraf hakuogopa hata kidogo, tena alisogea kuwapisha. Lakini sasa Alphonce alipoinuka na kipimo chake, akapiga hatua moja kuuelekea ukuta, ile mikono iliyokunjwa kifuani ilishuka yenyewe.

"Inapanda," alisema Alphonce kwa sauti ya chini. Akausogelea ukuta. "Inapanda tena. Afande, mashine haina kitu. Inakaa tu njiani. Kinachokohoa kiko upande wa pili."

"Upande wa pili kuna nini?"

Meshack alikohoa. "Chumba cha mzazi, afande."

"Juma lililopita, kwenye msako wa mtaa mzima, ulikipekua?"

"Afande, mama ana kichanga. Nilisimama mlangoni nikampa pole ya uzazi, nikapita. Isingekuwa adabu..."

"Adabu," alirudia Winfrida, na neno hilo lilimtoka kama mwiba wa samaki. Angeweza kumtukana pale pale mbele ya mwenyekiti. Hakumtukana kwa sababu yeye mwenyewe alijua kwamba nyumba mia za Ujiji zingepekuliwa na askari mia, wote wangesimama mlangoni, wakatoa pole ya uzazi, wakapita.

"Huko haingii mwanamume," alisema Ashraf haraka. "Ni dini na ni mila. Mimi mwenyewe siingii."

"Mimi ni mwanamume?"

Akachukua kipimo mkononi mwa Alphonce, akasukuma mlango.

Chumba kilikuwa na giza la pazia nene na harufu ya udi, karafuu na maji ya moto. Kitanda kikubwa kilisukumwa mpaka kwenye ukuta, ule ule ulioegemewa na mashine. Juu yake alikaa Zuhra, mke wa Ashraf, msichana wa miaka ishirini na kitu aliyefungwa tumbo kwa kanga, na mapajani mwake kichanga. Winfrida alikuwa ameona maiti nyingi, za majini na za barabarani, na hakuwa na tabia ya kushtuka. Hapo alishtuka. Kisogo cha mtoto hakikuwa na nywele, na mahali pake palikuwa na kidonda chekundu, kinalowana, upana wa kisosi. Hakulia. Alifungua kinywa kama anayelia, ikatoka pumzi tu.

"Shikamoo, dada," alisema Zuhra.

"Marahaba, mdogo wangu. Hongera na pole. Mtoto kapatwa na nini?"

Bi Asia alikuwa ameshamfuata ndani, na ndiye aliyejibu, macho chini. "Ni mimi, mwanangu. Ni uzee. Namkanda mama yake kwa maji ya moto asubuhi na jioni, inavyotakiwa. Nadhani yaliruka yakamuunguza mtoto. Hata Zuhra mwenyewe nimemuunguza begani. Sikusikia akipiga kelele, sijui nilikuwa nimezubaa wapi."

Zuhra aliteremsha kanga kidogo. Begani palikuwa na kidonda cha aina ile ile. Na kwenye mto, ambapo kichwa chake hulala, palikuwa na nywele nyingi kupita zile zinazotoka kwenye kitana.

"Nani alikuambia ni maji?" aliuliza Winfrida.

"Ashraf. Aliona, akaniambia, 'Mama, umewaunguza.' Nimelia mpaka nimechoka. Sasa nayapoza kwanza, nayajaribu kwa kiwiko, na bado vidonda vinazidi."

Winfrida alipiga hatua kuelekea kitanda. Namba kwenye kioo ziliruka. Akapeleka mkono miguuni pa kitanda, zikashuka. Akaurudisha kichwani, na kipimo kikapiga ukelele mmoja usiokatika.

"Zuhra, inuka na mtoto. Nendeni uani, mwisho kabisa, kwenye michikichi. Sasa hivi."

"Ashraf kasema nisitoke. Upepo wa ziwa mbaya kwa mtoto."

"Arobaini yako haijaisha?"

"Imeisha, dada, wiki ya pili hii. Mama alitaka nitolewe nje, hata ubani ulishanunuliwa. Ashraf akasema nikae mpaka wageni wake wa leo waondoke. Kesho ningetoka."

Winfrida alizihesabu kichwani zile siku za ziada. Alimfunika Zuhra kichwa kwa mtandio, akamshika mkono, akamtoa, kisha akamwita Alphonce. Huyu alikuja mpaka mlangoni na sanduku la risasi na koleo ndefu, akageuka akautazama ukuta wa pili kwa heshima ya chumba, akaanza kumwelekeza kama anayemfundisha kipofu njia.

"Inua godoro upande wa kichwani. Usilete uso karibu. Umeona?"

Chini ya godoro, mahali hasa palipolaza vichwa viwili, palikuwa na kitu kirefu kimefungwa kipande cha kanga, na juu yake uzi mweupe umezungushwa mafundo saba. Ncha moja iling'aa kama kijiko kipya.

"Nimeona."

"Tumia koleo ndefu. Kamata katikati, usikamate ncha. Usikimbie, ila usikae. Ingiza kwenye sanduku, funika, toka."

Ilikuwa kazi ya pumzi chache tu. Kifuniko cha risasi kilipogonga, kipimo kilinyamaza. Sebuleni nako, juu ya kimeza, kisanduku cha Ashraf kilisita, kri, kikasita tena, kisha kikabaki kikitoa mlio mmoja mmoja wa mbali kama mtu anayesinzia.

Bi Asia alikuwa amesimama pembeni ya mlango. Alikuwa ameona yote, na sasa alikuwa na hasira.

"Hicho mnakipeleka wapi? Ni chuma cha mtoto hicho."

"Umekipata wapi, Bi Asia?"

"Nimekinunua. Kwa Jumanne, Mwanga, kabla Zuhra hajajifungua. Mtoto mchanga halazwi bila chuma chini ya mto, mashetani watamchezea. Ashraf mwenyewe alilala na kisu cha babu yake. Lakini visu vya siku hizi vinashika kutu ukivitazama tu. Hiki nikaona hakishiki kutu, ni kizuri, kizito. Nikasema mjukuu wangu wa kwanza apate kilicho bora." Akanyamaza, akawatazama mmoja mmoja. "Kwani kimefanya nini?"

Mtu mwenye roho laini angedanganya. Winfrida alimwonea huruma yule mama, na huruma ikamkasirisha, na akikasirika hudanganya kwa shida.

"Kimewachoma, Bi Asia. Kina sumu ya mionzi kwenye ncha. Vidonda vile si vya maji."

Kwa muda mfupi uso wa Bi Asia uling'aa. "Kumbe si maji yangu? Si mimi niliyewaunguza?" Alishika kifua, akashusha pumzi ya mtu aliyeachiwa huru. Kisha akaelewa nani alinunua chuma. Akakaa chini sakafuni taratibu, mgongo ukiteleza ukutani, na hakulia, alianza tu kuikunja na kuikunjua ncha ya kanga yake.

Uani, Alphonce alikuwa ameshapitisha kipimo kwa Zuhra na mtoto. Hawakuwa na vumbi la sumu mwilini, lakini mwili ulikwisha kupigwa na mionzi. Alimvuta Winfrida kando.

"Mama ana nafasi. Kidonda kitasumbua, damu itasumbua, lakini ana nafasi."

"Na mtoto?"

Alphonce alitazama michikichi. "Wapelekwe hospitali. Nitawapigia simu madaktari niwaeleze ni nini. Kila wiki aliyolala pale imemwongezea madhara, afande. Wiki za mwanzo angeweza kuzibeba. Hizi za mwisho..."

Wiki za mwisho. Winfrida alirudi kwa Zuhra aliyekaa kwenye kigoda, akimkinga mtoto na jua la nje ambalo halijapata kumwona.

"Mdogo wangu, niambie jambo moja. Mumeo huingia kuwaona?"

"Mwanzoni alikuwa anaingia, anambeba. Kuanzia wiki ya tatu hivi akaacha. Anasimama mlangoni tu."

"Anafanya nini mlangoni?"

"Anakuja alfajiri na kile kisanduku chake kinacholia, anakielekeza kwetu, anasikiliza." Alimfunika mtoto vizuri, akaendelea kwa sauti ile ile ya adabu. "Halafu anatabasamu. Mimi nilidhani anatutabasamia sisi."

Winfrida aliingia ndani. Ashraf alikuwa kwenye kiti, mkono mmoja umefungwa pingu, Meshack amesimama kando yake. Macho yake hayakuwa mlangoni wala uani. Yalikuwa kwenye kimeza, kwenye kile kisanduku kilichosinzia.

"Ulijua lini?"

"Nilijua nini? Si mmesikia mama amekinunua yeye? Mimi sikujua kama kuna chuma. Wallahi sikujua."

"Chuma hukukijua. Nakuamini." Alionyesha sakafu karibu na dirisha. Kwenye sementi palikuwa na duara nne za kutu, zimepangika kama miguu ya pipa. "Mashine ilikaa pale. Kwenye video yako ya kwanza kuna pazia la dirisha nyuma yake, na kisanduku kimezimika kabisa. Watu wakakucheka, wakakuuliza gama iko wapi. Video ya pili, mashine iko hapa ukutani, na kisanduku kinalia. Nani aliihamisha?"

"Mimi. Kule palikuwa na unyevu."

"Ukutani hapa ndipo penye unyevu. Angalia rangi ilivyobanduka." Alichukua kisanduku, akakiweka kwenye kiganja cha Ashraf. "Mtu mwenye kipimo mkononi huzunguka nacho. Ulizunguka nyumba nzima ukiitafuta gama, ikakukatalia kila mahali. Ikakukubalia kwenye mlango ule. Ukaingia hatua moja, ikapanda. Hatua ya pili, ikapanda. Ukafika kitandani kwa mkeo na mwanao, ikapiga kelele. Ungeinua godoro ungejua. Hukuinua. Kwa nini?"

Ashraf alikirudisha kisanduku kwenye kimeza.

"Kwa sababu ungekiona, ingebidi ukitoe," alisema Winfrida. "Ukarudi sebuleni ukaisogeza mashine. Unajua gama ni nini, umeitangaza mwenyewe kwenye simu. Ndiyo maana ukaacha kumbeba mwanao. Kidonda kilipotoka ukamwambia mama yako mzazi kwamba amewaunguza. Arobaini ilipoisha ukawafungia."

"Ilikuwa mpaka leo tu!" Ilimtoka kwa nguvu, hata yeye akashtuka. Akaishusha sauti. "Siku moja tu, afande. Wakishaona, wakishakubali, ningewatoa. Na nilikuwa... nilikuwa najiambia labda mashine ndiyo inayofanya hivyo. Labda inapenya ukuta. Labda kweli nimeipata."

"Na kama ungekuwa umeipata kweli, ungekuwa unamchoma nani?"

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema yule mwenye nguo afanywe nini.

Nje palisikika vicheko, viatu vikikung'utwa mchanga. "Mwakeye!" iliita sauti nene kwa salamu ya Kiha. Alikuwa Castory, mkubwa wa wenye mitumbwi wa Mwamgongo, na wenzake wanne. Walikuwa wameshuka bandari ya Kibirizi alfajiri, wamevaa mashati ya kutokea, na mmoja amebeba gunia la dagaa wakavu kumletea mzazi. Castory aliona sare za polisi, akasita mlangoni. "Tumekuja vibaya?"

Meshack alimwinamia bosi wake. "Afande, niwarudishe?"

"Wamekuja kuona mashine," alisema Winfrida. "Mfungue pingu. Atahitaji mikono yote miwili."

"Afande..."

"Mfungue. Rudisha mtungi. Jaza maji."

Meshack alifanya alivyoagizwa, uso umemkunjamana. Wakati anaunganisha waya, Bi Asia alipita sebuleni akielekea kwenye gari lililosogezwa mlangoni kuwapeleka Zuhra na mtoto hospitali. Mkononi alishika kisu cha jikoni. Mwenyekiti alitaka kumzuia, lakini yule mama aliinama kwenye mlango wa gari, akakisukuma kisu ndani ya nguo za mtoto, upande wa kichwani, akizifunga vizuri. "Asilale bila chuma," alimwambia Zuhra. Winfrida aliona, akatikisa kichwa kwa mwenyekiti, aachwe. Bi Asia akapanda.

"Haya, Injinia," alisema Winfrida. "Wageni wametoka mbali."

Ashraf aliwasha. Maji yakaanza kuimba, mvuke ukapanda, kioo kikaingia ukungu. Wanaume wa Mwamgongo wakasogea, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha wote wakageukia kisanduku kwenye kimeza, kwa maana ndicho walichokijia. Kri. Kimya kirefu. Kri.

"Mbona kimelala?" aliuliza Castory. "Kwenye simu kilikuwa kinalia kama chiriku."

"Kilikuwa kinalia," alisema Ashraf. "Mpaka leo asubuhi kilikuwa kinalia."

"Mashine ni ile ile?"

"Ni ile ile."

"Maji ni yale yale?"

"Ni yale yale."

Castory alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa samaki, na wavu usipokamata yeye huuliza kilichobadilika. "Sasa Injinia, asubuhi palikuwa na nini humu ambacho saa hizi hakipo?"

Nje gari liliwaka, likanguruma, likaanza kuondoka kwenye mchanga. Ashraf aligeuza shingo kulifuata kwa sikio. Alimtazama Winfrida kama anayeomba, naye Winfrida akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Mjibu mgeni wako," alisema. "Sema kwa sauti, wote wasikie."

Mtungi ulitokota peke yake.

"Mwanangu," alisema Ashraf.